Mivule Mitatu na Daftari la Mhazini: Uchambuzi wa Kisa cha Ardhi ya Kanisa

Parokia ninayoizungumzia ni ya Kianglikana, iko mashariki mwa Uganda kando ya barabara kuu iendayo mpakani Busia, na kwa miaka minane kanisa lake jipya lilikuwa kuta tupu zisizo na paa. Mji ule ni mji wa njia. Una madereva wa malori, askari, wachuuzi wa mpakani, Wasoga, Wasamia, Wateso na Wajopadhola, na kwa kuwa hakuna lugha ya nyumbani inayowatosha wote, ibada ya pili huendeshwa kwa Kiswahili na kumbukumbu za vikao vya wazee huandikwa kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa katibu wa vikao hivyo. Ninayoyaeleza hapa nimeyatoa katika kurasa nilizoziandika kwa mkono wangu, ila nimeacha majina yote na kila alama ya kuitambulisha parokia, kwa sababu walioamua vibaya hawakuwa watu wabaya.

Nyuma ya kuta hizo ilisimama mivule mitatu. Ule mkubwa, watu wazima watatu walioshikana mikono hawakuweza kuuzungusha. Ardhi yenyewe ilitolewa na chifu mmoja enzi za Waingereza, na misheni iliikuta mivule pale. Haikupandwa na Mkristo yeyote. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana thamani ya mti huu: mbao zake haziliwi na mchwa, hazipindi upesi, na mlango wa mvule huweza kuona wajukuu wa fundi aliyeutengeneza. Bondeni chini ya miti, mwendo wa dakika tano, ipo chemchemi iliyojengewa ukuta na bomba, ambako akina mama na watoto huteka maji kwa madumu ya njano tangu alfajiri.

Mnunuzi wa mbao alikuja Jumanne moja kwa pikipiki, akiwa na futi ya kupimia na panga. Hakuzungumza sana. Aliuzunguka kila mti, akaligonga shina kwa mgongo wa panga huku ameinamisha sikio, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua, kwa kuwa mvule mkubwa unaweza kuwa mtupu ndani na nje ukaonekana mzima. Alipomaliza alitaja bei ambayo ingetosha mabati yote na sehemu kubwa ya kenchi, akaongeza kwamba angepasulia mbao palepale kwa msumeno wa mashine na kuwaachia waumini mabanzi kwa ajili ya kuni. Baadaye fundi seremala mmoja aliniambia kwamba bei ya mti mzima, tangu kisiki hadi kilele, ilikuwa chini ya bei ya milango michache ya mvule katika maduka ya Kampala. Siku ile hakuna aliyeuliza.

Kikao kilichofuata kiliitishwa Jumamosi, wajumbe kumi na wanne, na kilichukua muda wa saa nne. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alifungua kwa Mwanzo 1:28, "Zaeni, mkaongezeke, mkaijaze nchi, na kuitiisha," akasema kwamba Mungu alimpa binadamu miti kama alivyompa ng'ombe, na kwamba ng'ombe aliyezeeka huchinjwa. Mzee mmoja wa uamsho, Mlokole wa miaka mingi ambaye ushuhuda wake watu wote waliujua, alikuja na hoja nyingine kabisa: ule mvule mkubwa, alisema, ulikuwa makao ya misambwa, pepo wa mahali ambao mababu wa Kisoga waliwapelekea kuku na pombe, na ingawa kanisa limekaa pale tangu enzi za babu zake, bado wapo wanaopita usiku na kuacha vitu kwenye mizizi. Kuukata kungekuwa kufunga mlango huo. Mwinjilisti kijana naye akanukuu 2 Petro 3:10, kwamba "nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea," akauliza kwa nini watu wa Mungu waulinde mti ambao moto unausubiri.

Aliyepinga kwa nguvu zaidi alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, mwalimu mstaafu. Alisoma Mwanzo 2:15, kwamba mtu aliwekwa bustanini "ailime na kuitunza," kisha akaiacha Biblia na kuzungumzia chemchemi, watoto wa shule ambao hukaa chini ya mivule wakati wa jua kali, na popo wanaokuja kwa wingi msimu wa matunda. Mlokole alipomkatiza akisema, "Mama, mti huo ni nyumba ya Shetani," alimjibu kwa utulivu: "Mzee wangu, kama ni nyumba ya Shetani, basi tusitengeneze milango ya kanisa kwa mbao zake." Watu walicheka, naye mzee akacheka pia, lakini kura haikubadilika. Mhazini, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, ndiye aliyelifunga jambo. Alisema kwamba ahadi za waumini zimelipwa nusu, deni la saruji bado lipo, na kwamba yeye hana upande isipokuwa upande wa hesabu, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kura zilikuwa tisa kwa tano: ikatwe miwili, ubaki mmoja.

Desturi ya kuchambua visa vya namna hii ni kupanga aya mbili za Mwanzo moja mbele ya nyingine, utawala upande huu na utunzaji upande ule, na kusema kwamba Wakristo huharibu nchi kwa sababu wameisoma ya kwanza na kuisahau ya pili. Hoja hiyo ina umri mkubwa kiasi. Mwanahistoria Mmarekani Lynn White aliiandika katika jarida la Science mwaka 1967, akiulaumu Ukristo wa nchi za Magharibi kwa kumfundisha binadamu kwamba viumbe vipo kwa ajili ya matumizi yake. Sisemi kwamba ni uongo. Nasema kwamba haikieleweshi kikao nilichokiandika. Hakuna mtu mezani pale ambaye hakuijua Mwanzo 2:15 kwa moyo, na wanne kati ya wale tisa walikuwa na mashamba ya mikaratusi waliyoyapanda kwa mikono yao.

Mafundisho pia hayakukosekana. Ushirika wa Anglikana duniani ulikwisha kuongeza utunzaji wa uumbaji kuwa alama ya tano ya utume wa Kanisa mwaka 1990, miaka sita baada ya zile nne za kwanza. Tarehe 1 Septemba imekuwa siku ya kuombea uumbaji kwa Waorthodoksi tangu mwaka 1989, Papa Francis akaiweka katika kalenda ya Wakatoliki mwaka 2015, mwaka uleule aliotoa waraka wa Laudato Si' juu ya kuitunza nyumba yetu sote, na Waanglikana wengi nao huadhimisha majira hayo hadi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Fransisko wa Asizi. Katika chumba cha kuvalia majoho cha parokia yetu lilikuwapo bango lenye picha ya mti na aya ya Zaburi 24, "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA." Lilikuwa limetundikwa juu ya sanduku la mhazini. Kwa hiyo anayetaka kuwahubiria watu wale kwamba Mungu anaipenda dunia angekuta wamekwisha kuitikia Amina.

Hoja ya misambwa inastahili kutazamwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu wasomi huipita haraka kwa aibu, na vijijini ndiyo yenye nguvu. Mahali pengi Uganda miti mikubwa iliyosalia ilisalia kwa sababu iliogopwa. Mtu hakuhitaji kujua lolote juu ya vyanzo vya maji. Ilitosha kujua kwamba babu yake hakukata pale. Injili ilipokuja ilimfundisha Mkristo kwamba hakuna pepo wa kisima wala wa mti awezaye kumdhuru aliye wa Kristo, na hayo ni mafundisho sahihi ambayo mimi mwenyewe nayashika. Lakini hofu ilipoondoka, ulinzi uliokuwa umefungwa ndani yake uliondoka nayo, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Mti uliokuwa wa misambwa haukutangazwa kuwa wa BWANA. Ulibaki kuwa hauna mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mnunuzi hukifikia mapema. Mlokole wetu alikuwa sahihi kwamba hapaswi kuuogopa mvule. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba asiyeogopa lazima athibitishe kwa shoka, kana kwamba Kristo aliyemshinda pepo angali anahitaji kumbomolea nyumba.

Juu ya hoja ya moto wa mwisho sina mengi. Kijana aliyeitoa alikuwa mstari wa mbele kuchangisha fedha za paa, na hakupendekeza kanisa liachwe wazi kwa kuwa litateketea. Tena barua ileile, aya tatu mbele, yangoja "mbingu mpya na nchi mpya, ambayo haki yakaa ndani yake," na sioni mtu anavyoweza kuifanyia mazoezi haki hiyo kwa kumkaushia jirani maji.

Mwalimu mstaafu alikuwa amejaribu mfano mmoja ambao ulikaribia kuwageuza wajumbe, nao ni wa msitu wa Mabira. Kila mmoja wetu anaujua, kwani huwezi kwenda Kampala kutoka upande wetu kwa barabara ya Jinja bila kuupita: hewa hubadilika ghafla dirishani, na pale Najjembe wachuuzi hukimbilia basi wakiwa wameshika vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja. Mabira ni hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, yenye ukubwa wa hekta 30,000 hivi. Mwaka 2007 serikali ilitaka kuitoa sehemu yake ya hekta 7,100, karibu robo, kwa kampuni ya sukari iliyopakana nayo. Dayosisi ya Mukono ya Kanisa la Uganda ilijitokeza ikasema kwamba ingetoa ardhi yake yenyewe ili miwa ipandwe huko na msitu uachwe, na ufalme wa Buganda nao ukatoa ahadi ya namna hiyo. Mpango ulisitishwa mwaka huohuo, ingawa ulifufuliwa tena mwaka 2011 na kuzua mabishano upya.

Mfano huo hutajwa mara nyingi kama sifa ya Kanisa, nami nakubali kwamba ni sifa. Hata hivyo una sehemu mbili ambazo watu huziruka. Ya kwanza ni kwamba maandamano ya kuutetea msitu, tarehe 12 Aprili mwaka ule, yaliishia kwa vifo vya watu wasiopungua watatu jijini Kampala, mmoja wao Mhindi aliyepigwa hadi kufa kwa sababu tu ya asili yake, na Mkristo anayelitaja jina la Mabira bila kumtaja mtu huyo anatunza miti na kumsahau jirani. Ya pili ndiyo inayohusu kisa chetu. Dayosisi ilipotoa ardhi yake ilijua inatoa nini. Ilikuwa na kitu kilicho chake, ikakitaja, ikasema: chukueni hiki, kile acheni. Wajumbe wetu walisikiliza mfano wa Mabira kwa heshima, kisha mmoja akasema, "Ule ulikuwa msitu. Hii ni miti mitatu tu," na hakuna aliyeweza kumjibu, kwa sababu hakuna aliyejua miti mitatu ni kitu gani katika mali ya parokia.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Neno ambalo wahubiri wetu hulitumia kwa wajibu wa binadamu juu ya dunia ni uwakili. Kwa Kiswahili neno hilo lina uzito ambao mara nyingi tunauacha njiani: wakili ni mtu anayeshika cha mwenzake na kusema kwa niaba yake, awe mahakamani au sokoni, naye siku moja huitwa. Katika Luka 16 tajiri hamuulizi wakili wake kama aliipenda mali, wala kama alikuwa na moyo mzuri juu ya shamba. Anamwambia, "Toa hesabu ya uwakili wako." Uwakili usio na hesabu haujafika kuwa uwakili, ni hisia njema.

Sasa tazama daftari la mhazini wetu, mtu mwaminifu kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Kila Jumapili baada ya ibada vitu vilivyotolewa sadaka hunadiwa mlangoni: mkungu wa matoke, jogoo, mafungu ya mihogo, mayai manne ndani ya kikombe cha plastiki. Kila kimoja huandikwa, pamoja na bei iliyofikiwa na jina la aliyenunua, na mwisho wa mwaka husomwa mbele ya watu wote. Nimewahi kushuhudia mkutano mkuu ukisimama dakika ishirini kwa ajili ya yai moja lililoandikwa mara mbili. Katika daftari hilo, kwa miaka yote ambayo kurasa zake zipo, mivule haimo. Chemchemi haimo. Matofali ya kanisa yalichomwa uwanjani katika matanuri mawili yaliyolishwa magogo ya miembe mizee usiku na mchana, kwa hiyo jengo lilikwisha kula miti mingi kabla halijafika kwenye paa, na hilo pia halimo. Kilichoandikwa ni malipo ya wachomaji. Mvule uliingia kwenye hesabu kwa mara ya kwanza siku ulipouzwa, upande wa mapato. Mtu yeyote anayesoma daftari lile angedhani kwamba parokia ilipata fedha pasipo kupoteza chochote, na mhazini, aliyesema kwamba upande wake ni hesabu, alipiga kura kwa mujibu wa hesabu alizokuwa nazo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kikao kile kilishindwa kiroho. Waliomba kabla na baada. Walichokosa ni ukurasa mmoja.

Miti ilikatwa wiki mbili baadaye, miwili aliyoichagua mnunuzi, na kelele ya msumeno ilisikika hadi stendi ya malori. Paa lilipanda kabla ya Krismasi na ni paa zuri. Sitaki msomaji adhani kwamba fedha ziliibwa, hazikuibwa. Ila miezi kadhaa baadaye muumini mmoja aliyewahi kufanya kazi ya misitu alikuja likizo, akasimama chini ya mvule uliobaki, akatwambia jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalisikia: kwamba mivule ina dume na jike katika miti tofauti, kama mipapai, na kwamba uliobaki ni dume. Hauzai. Popo waliokuwa wakija kula matunda na kutawanya mbegu mashambani kwa watu hawana tena kinachowaleta. Tulikuwa tumejisifu kwamba tumeacha mmoja kwa ajili ya vizazi vijavyo, nao ni mmoja usioweza kuwa na kizazi.

Kuhusu chemchemi natahadhari. Kiangazi kilichofuata maji yalipungua hadi dumu moja likawa linajaa kwa muda wa kuimba tenzi mbili, na akina mama walisema bila kusita kwamba ni sababu ya miti. Lakini mvua ya mwaka ule ilichelewa, na juu zaidi mlimani watu walikuwa wamepanda mikaratusi kando ya mkondo, mti ambao unajulikana kwa kunywa maji mengi. Miti miwili peke yake haikaushi bonde. Nayataja haya kwa sababu waumini wanaotetea mazingira wana tabia ya kudai kila kitu mara moja, na hoja inapoanguka katika jambo moja wapinzani wao huitupa yote. Chemchemi nayo haikuwahi kupimwa kabla ya miti kukatwa. Laiti mtu angeandika tu, kila mwezi, dumu hujaa kwa dakika ngapi, tungekuwa na la kusema.

Mwalimu mstaafu hakugombana na mtu. Alinunua daftari la shule la kurasa tisini na sita, akapiga mistari kwa rula, akawaomba wazee ruhusa ya kulisoma kila mwaka baada ya hesabu za sadaka. Kasisi aliunga mkono. Wengine waliona ni kazi ya Jumapili ya watoto, lakini hakukuwa na sababu ya kumkatalia mama wa makamo yake, naye alijua hivyo.

Katika mkutano mkuu wa mwisho niliouandikia kumbukumbu, mhazini alimaliza kusoma mapato na matumizi chini ya paa jipya, akakaa, na mama akasimama na daftari lake. Alisoma kwa sauti ileile ya darasani: mvule mkubwa mmoja, dume, mzima. Chemchemi, dumu hujaa kwa dakika saba mwezi wa pili, dakika tatu mwezi wa tano. Miche ya mivule iliyopandwa na wanafunzi wa kipaimara, 40. Iliyo hai, 11. Mtu wa nyuma akauliza hiyo mingine 29 imekwenda wapi, kwa ukali uleule ambao watu huulizia yai. Akafungua ukurasa wa pili. Miche 16 imekufa kwa wadudu wanaoyavimbisha majani ya mivule michanga, ugonjwa ambao afisa misitu amesema hupungua miche ikipandwa kivulini kati ya miti mingine. Miche 13 imeliwa na mbuzi.

"Mbuzi wa nani?" akauliza mtu yuleyule.

Mama hakujibu, aliangalia daftari lake kana kwamba jibu halikuwa kazi yake. Watu walinyamaza hadi tukasikia malori barabarani. Kisha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, yule wa Mwanzo 1:28, akakohoa, akasimama nusu, akasema ni wake. Mhazini akanigeukia akauliza kama nimeandika. Nilikuwa nimeandika.